Kwotabeki kutoka darasa la 9 hadi chuo: mwongozo wa mzazi na kijana wake

Timu ya futiboli ya Kimarekani huingiza uwanjani wachezaji 11, na kwotabeki, yaani yule anayerusha pasi, ni mmoja tu kati yao. Mpokea pasi wa nne bado atacheza, na mlinzi wa akiba ataingia mwenzake akichoka. Kwotabeki wa pili anaweza kukaa benchi msimu mzima hata kama ana mkono mzuri. Ukilishika hilo mapema, utaelewa kwa nini maamuzi ya shule, ofa na uhamisho humuumiza kwotabeki kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Mwongozo huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili huko Marekani, ambazo kijana wao alianza kwa soka, kisha kocha wa shule akamwona akirusha mpira na kumwambia, "Wewe njoo huku." Tutapita njia yote, na pale inapofaa tutamtazama kwotabeki Joe Burrow wa Ohio. Safari yake iko wazi kwenye rekodi, na ina mambo mengi ambayo kijana yeyote atakutana nayo: sekondari ya mji mdogo, chuo kikubwa asikopata nafasi, uhamisho, kisha msimu mmoja uliobadili kila kitu.

Umri na karatasi

Kabla ya kununua viatu, nenda kwa mkurugenzi wa michezo wa shule ukaulize mambo mawili: kikomo cha umri na idadi ya mihula. Vyama vya michezo vya majimbo mengi havimruhusu kijana kucheza ikiwa ametimiza miaka 19 kabla ya tarehe fulani, kwa kawaida ya Agosti au Septemba. Vingi pia humpa mihula minane tu, na saa huanza kuhesabu siku anapoingia darasa la 9. Kijana aliyechelewa kusoma kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kisha akapangwa darasa la 9 akiwa na miaka 17, anaweza kuikosa misimu miwili ya mwisho, na ndiyo misimu ambayo makocha wa vyuo huitazama. Majimbo kadhaa husikiliza maombi ya msamaha, lakini maombi hayo yanataka vielelezo na muda, kwa hiyo yaanzwe mwaka mmoja kabla ya tatizo kufika.

Angalia pia tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa 1 Januari kwa kuwa tarehe halisi haikujulikana au haikuandikwa vizuri. Kama una cheti kinachoonyesha tarehe ya kweli, anza kusahihisha hati za uhamiaji mapema. Usikubali mtu yeyote akushauri kupunguza umri. Ikigundulika, timu hunyang'anywa ushindi wake na kijana hufungiwa.

Sasa masomo. Anayetaka kucheza Daraja la Kwanza la NCAA (chama cha michezo ya vyuo), yaani ngazi ya vyuo vikubwa, lazima amalize masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3 kuanzia Aljebra ya kwanza, sayansi miaka 2, sayansi ya jamii miaka 2, mwaka 1 zaidi wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na miaka 4 mingine kutoka kwenye masomo hayo au lugha ya kigeni, falsafa na dini. Wastani wake katika masomo hayo 16 usipungue 2.3. Daraja la Pili linataka masomo 16 pia, kwa wastani wa 2.2. Mitihani ya SAT na ACT haihitajiki tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai.

Kuna kifungu kimoja kinachowanasa wengi. Masomo 10 kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa nne wa sekondari, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Mwaka wa nne ukishaanza, alama za masomo hayo hufungwa. Kijana hawezi kurudia Aljebra ili kupandisha wastani. Kwa hiyo mzazi anayesubiri darasa la 12 ndipo aanze kuuliza, amechelewa mwaka mzima.

Kosa jingine hutokea kwa nia njema. Mshauri wa masomo anamwona kijana mgeni, Kiingereza bado kinasumbua, anampanga madarasa mepesi. Alama zinakuwa nzuri, GPA ya shule, yaani wastani wa alama zote, inasoma 3.4, familia inafurahi. Kumbe madarasa hayo hayamo kwenye orodha ya shule iliyoidhinishwa na NCAA, na wastani wa masomo ya msingi ni mdogo mno. Orodha ya kila shule iko wazi kwenye tovuti ya Kituo cha Ustahiki cha NCAA. Ichapishe, ikae mezani pamoja na ratiba ya kijana, na kila jina la somo lilinganishwe neno kwa neno. Fanya hivyo kila Agosti na kila Januari.

Kama alisoma darasa la 9 au zaidi nje ya Marekani, NCAA itataka ripoti halisi katika lugha ya asili na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Hati za Kongo na Burundi za Kifaransa zinaingia humo. Kuagiza ripoti kutoka shule ya Uvira au Bujumbura kunaweza kula miezi, hivyo tuma mtu mapema. Ada ya kujisajili inaweza kusamehewa kwa familia yenye kipato kidogo, kwa mfano mtoto anayepata chakula cha bure shuleni. Mwambie mshauri wa shule aombe.

Mkono unaanzia miguuni

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 400 hivi na urefu wa sentimita 28. Ushike hivi: kidole cha pete na kidole kidogo vikae juu ya kamba za mshono, cha shahada kikae karibu na ncha ya nyuma, gumba liwe chini. Kati ya kiganja na mpira lazima kubaki uwazi wa kuingiza kidole kimoja. Anayeubana mpira kwa kiganja hutoa pasi inayotikisika hewani, na siku ya mvua humponyoka kabisa. Kijana mwenye mkono mdogo asilazimishwe kushika kama mwenye vidole virefu. Asogeze mkono nyuma kidogo hadi uwazi ule upatikane.

Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mpira ukae kifuani upande wa bega la kulia, mikono yote miwili ikiwa juu yake. Miguu iwe upana wa mabega, uzito zaidi upande wa kulia. Hatua ya mguu wa kushoto iwe fupi, sentimita 15 hadi 20, na vidole vyake vielekee kushoto kidogo kwa mlengwa ili nyonga ipate nafasi ya kufunguka. Nyonga hutangulia, bega hufuata, kiwiko hupita kikiwa sawa na bega au juu yake, na mkono humalizia kwenye mfuko wa kushoto wa suruali, gumba likitazama chini.

Makosa husomeka kwa macho. Pasi ikipaa juu ya kichwa cha mpokeaji, tazama miguu kwanza: hatua ilikuwa ndefu mno au uzito ulibaki nyuma. Pasi ikichimba ardhini, bega la mbele limeanguka mapema au mpira umeachiwa kwa kuchelewa. Ikifika nyuma ya mpokeaji anayekimbia kwenda pembeni, kijana aligeuza mkono bila kugeuza miguu. Kiwiko kikishuka chini ya bega, mpira husukumwa badala ya kurushwa, na maumivu ya ndani ya kiwiko hayatakuwa mbali. Usimwambie "rusha kwa nguvu". Piga video kwa simu kutoka pembeni, kisha kutoka nyuma, mtazame pamoja taratibu.

Zoezi la nyumbani halihitaji uwanja. Pasi 10 akiwa amepiga goti la kulia, umbali wa yadi 7. Pasi 10 akiwa amesimama bila kuinua miguu, yadi 10. Pasi 15 baada ya kurudi hatua tatu, na 15 baada ya hatua tano. Kisha 10 akikimbia kulia na 10 akikimbia kushoto, ambako lazima mabega yageuke kabla ya kurusha. Jumla ni 70, zinatosha kwa siku. Siku tatu za kurusha kwa wiki nje ya msimu, zenye mapumziko katikati, zina faida kuliko siku sita za mkono uliochoka.

Kurudi hatua tatu maana yake mpira uwe umeondoka mkononi kwa sekunde 1.8 hivi. Hatua tano ni karibu sekunde 2.4. Mguu wa mwisho ukitua, mpira uondoke. Kijana akitua kisha akaanza kurukaruka mahali pamoja, ujue hajui anapokwenda, na hilo halitibiwi kwa mazoezi ya mkono.

Kusoma ulinzi

Hapa ndipo kwotabeki wa sekondari hupanda au hubaki. Kabla mpira haujachezwa, aanze na mabeki wa nyuma kabisa. Akimwona mmoja amesimama katikati, katikati pamefungwa, na nafasi ziko pembeni. Akiwaona wawili, kila mmoja upande wake, katikati huwa na mwanya. Kisha ahesabu walinzi waliosogea karibu na mstari mpira unapoanzia: wakiwa sita na watetezi wake, yaani wenzake wanaomkinga, ni watano, mmoja atapita bila kuguswa, na mpira lazima uondoke haraka upande anakotoka mtu huyo, kwa sababu ameacha nafasi nyuma yake.

Ulinzi mzuri hudanganya. Beki wa pili atarudi nyuma sekunde ya mwisho. Kwa hiyo jibu la kabla ya mchezo ni dhana, na hatua ya kwanza ya kurudi nyuma ni ya kuihakiki. Macho yaende kwa beki mmoja aliyepangwa na kocha. Akienda kulia, pasi kushoto. Kijana anayemkodolea macho mpokeaji wake tangu mwanzo humfundisha beki mahali pa kukimbilia, na ndiyo sababu kubwa ya pasi kunaswa katika ngazi hii.

Mfanyie mtihani jikoni. Panga vikombe 11 mezani kama walinzi, funika kwa kitambaa, funua kwa sekunde tatu, funika tena. Aseme: mabeki wa nyuma wangapi, nani anakuja, pasi ya kwanza inakwenda wapi. Mama au dada asiyejua mchezo anaweza kumsimamia. Baada ya majuma manne sekunde tatu zitakuwa nyingi.

Jambo moja la vipimo ambalo watu hulisahau: uwanja una upana wa futi 160, na alama za ndani za sekondari huugawa sehemu tatu sawa. Mpira ukianzia alama ya kushoto, upande mpana ni zaidi ya yadi 35. Chuoni alama hizo ziko karibu na katikati, na upande mpana ni yadi 33 na kidogo. Pasi ya kwenda mstari wa mbali sekondari inasafiri mbali zaidi, ndiyo maana kocha wa chuo akiiona kwenye video huisimamisha na kuirudia. Ikifika bila kupanda angani sana, amepata alichokuwa akitafuta.

Namna ya kusoma takwimu

Usitegemee jumla ya yadi. Timu moja hurusha mara 45 kwa mechi, nyingine mara 15. Chuo hutumia kipimo kimoja cha ufanisi ambacho unaweza kukipiga kwa kikokotoo cha simu: yadi mara 8.4, jumlisha pasi za mguso, yaani zilizozaa tachidauni (bao kuu la mchezo huu), mara 330, jumlisha pasi zilizopokelewa mara 100, toa zilizonaswa mara 200, kisha gawanya kwa idadi ya pasi zote zilizorushwa.

Mfano: kijana amerusha 30, zimepokelewa 20, yadi 250, miguso 2, imenaswa 1. Ni 2,100 + 660 + 2,000 − 200, sawa na 4,560. Gawanya kwa 30, unapata 152. Hiyo ni mechi nzuri.

Sasa mtazame Burrow. Sekondari ya Athens, Ohio, mwaka wake wa mwisho wa 2014, alirusha yadi 4,437 na miguso 63, na timu ikafika fainali ya jimbo ikafungwa 56–52. Alipokwenda Ohio State alikaa misimu mitatu na kurusha pasi 39 tu kwa jumla. Akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwaka 2018 alirusha pasi 379, zikapokelewa 219, yadi 2,894, miguso 16, zikanaswa 5. Piga hesabu: 133.2, yaani wa kawaida. Mwaka 2019 alirusha 527, zikapokelewa 402, yadi 5,671, miguso 60, zikanaswa 6. Inakuja 202. Mtu yuleyule, chuo kilekile, miezi 12 baadaye. Kilichobadilika ni kwamba LSU ilimleta kocha Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL (ligi ya kulipwa), kusimamia mchezo wa pasi, mfumo ukatawanya wapokeaji uwanja mzima na kumpa Burrow uhuru wa kuamua kwa haraka. LSU ilishinda mechi zote 15, yeye akachukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, na Aprili 2020 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NFL, na Cincinnati Bengals.

Kwa mzazi, hesabu hizo mbili ni somo la kuchagua chuo. Uliza mfumo wa mchezo kabla ya kuuliza ukubwa wa uwanja. Na ukilinganisha vijana, kumbuka mechi ya sekondari ni dakika 48 na ya chuo ni 60. Pia katika ngazi zote mbili yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari hukatwa kwenye hesabu yake ya kukimbia. Kijana mwenye "yadi hasi" za kukimbia huenda si mzito, huenda watetezi wake ndio dhaifu.

Video na makocha

Video ya kwotabeki iwe dakika tatu hadi tano. Mwanzoni andika jina, shule, mwaka wa kuhitimu, urefu na uzito wa kweli, GPA ya masomo ya msingi na mawasiliano ya kocha. Urefu usiongezwe hata nusu inchi, kwa sababu kambini watampima. Pasi sita bora zikae sekunde 30 za kwanza, kwani wengi hawavuki hapo. Mwekee mshale wa kumwonyesha kabla mchezo haujaanza. Changanya: pasi fupi ya haraka, ya mbali, ya upande mpana, moja akiwa amebanwa, moja akikimbia. Usiweke muziki wenye matusi. Chini ya video weka kiungo cha mechi moja nzima, ikiwezekana waliyofungwa, kwa sababu kocha makini anataka kuona anavyofanya mambo yakimwendea vibaya.

Makocha wa Daraja la Kwanza hawawezi kumwandikia kijana kuhusu usajili kabla ya 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Yeye, hata hivyo, anaweza kuwaandikia wakati wowote, na wengi hawajui hilo. Ujumbe uwe mistari mitano, aandike mwenyewe, amtaje kocha wa makwotabeki kwa jina na aeleze sababu moja ya kweli ya kupenda mfumo wao. Josh Allen, kijana wa shambani kutoka Firebaugh, California, hakupata ofa ya Daraja la Kwanza alipomaliza sekondari. Alicheza msimu mmoja chuo cha miaka miwili cha Reedley, akawaandikia makocha nchi nzima, na Wyoming ikamchukua. Mwaka 2018 alichaguliwa wa saba kuingia NFL.

Kambi za vyuo hufanyika zaidi Juni. Barua nzuri yenye jina la kijana inayomwalika kambi ya kulipia si ofa, hutumwa kwa maelfu. Chagua kambi mbili au tatu za vyuo ambavyo tayari vimemjibu. Na wale wanaodai maelfu ya dola "kumtangaza" kijana, waache. Kazi yao ni barua pepe ambazo umeshaona namna ya kuziandika.

Ofa ikija

Ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote, si chuo wala kijana. Chuo kinaweza kutoa ofa kwa makwotabeki wanane na kumchukua wa kwanza atakayekubali. Kwa hiyo muulize kocha kwa heshima, kwa Kiingereza rahisi, jambo hili: mwanangu akikubali leo, mtampokea leo? Kigugumizi ni jibu. Muulize pia wana makwotabeki wangapi, kila mmoja yuko mwaka wa ngapi, na kama wanatafuta mwingine kwenye potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama.

Kinachofunga ni maandishi ya ufadhili yanayosainiwa, na dirisha la kwanza hufunguka Jumatano ya kwanza ya Desemba. Ile barua ya kitaifa ya zamani ya kujifunga na chuo (National Letter of Intent) ilifutwa Oktoba 2024, kwa hiyo usidanganywe na anayeitaja. Soma kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi, na nini kitatokea akiumia. Chini ya makubaliano ya mahakamani ya 2025 kati ya NCAA na wachezaji, vyuo vilivyojiunga vina kikomo cha wachezaji 105 wa futiboli, na nafasi za kujiunga bila ufadhili zimebana.

Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo, lakini hutoa wa masomo na wa kipato. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada, na kupata msaada wa serikali ya shirikisho. Ijazwe hata kama kocha amesema "msijali".

Malipo ya jina na sura, yanayojulikana kama NIL, yameruhusiwa vyuoni tangu 1 Julai 2021. Fedha hizo zinatozwa kodi na hakuna anayeikata kabla hujalipwa, kwa hiyo weka pembeni sehemu yake siku hiyohiyo zinapoingia. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 asisaini chochote kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu kazi isiyoruhusiwa inaweza kumharibia viza yenyewe. Kwa sekondari, sheria ni ya jimbo lenu.

Kichwa kikigongwa

Siku mbili za kwanza za mazoezi ya Agosti ziwe za helmeti peke yake, siku ya tatu hadi ya tano helmeti na pedi za mabega, na vifaa vyote kuanzia siku ya sita. Joto ndilo linaloua mwezi huo. Helmeti ikikaa vizuri, ngozi ya paji la uso husogea nayo unapoizungusha.

Majimbo yote 50 yana sheria za mtikisiko wa ubongo. Kijana akishukiwa, anatoka, harudi siku hiyo, na anarejea hatua kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, kwa ruhusa ya mtaalamu wa afya. Makwotabeki huficha dalili kwa sababu wanajua nafasi ni moja. Usiku wa mechi muulize kama mwanga unamuumiza, kama anakumbuka mchezo wa kwanza wa robo ya tatu, na mtazame anavyopanda ngazi. Akitapika au usingizi wake ukawa mzito usio wa kawaida, nenda hospitali usiku huohuo.

Chuoni

Mwaka wa kwanza wengi hawachezi. Kwa kanuni ya tangu 2018, mchezaji anaweza kuonekana kwenye mechi hadi nne na bado msimu huo usihesabiwe, ndani ya miaka mitano ya kucheza misimu minne. Kocha akimwingiza mechi ya tano dakika za mwisho za ushindi mkubwa, msimu mzima umetumika. Kijana awe anahesabu mwenyewe na aseme mapema.

Tangu 2024 kocha wa vyuo vya ngazi ya juu huzungumza na kwotabeki kupitia redio ndani ya helmeti, na sauti hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Aliyezoea kuelezwa kila kitu atajikuta kimya kinamlemea hapo. Yale mazoezi ya vikombe mezani yanalipa sasa.

Asipopata nafasi, kuna potali. Kuanzia 2026 dirisha la futiboli ni moja, Januari, na kocha mkuu akiondoka hufunguka jingine fupi. Kabla ya kuingia, ajue kwamba ufadhili wake wa sasa unaweza kuondolewa akishajiandikisha, na wengi huingia wasipate pa kwenda. Burrow alipoondoka Ohio State mwaka 2018 tayari alikuwa na shahada, aliyoipata kwa miaka mitatu, na kwa kanuni za wakati huo ndiyo iliyomruhusu kucheza LSU mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Jalen Hurts alifanya hivyohivyo: alipoteza nafasi Alabama, akahitimu, akaenda Oklahoma mwaka 2019 na kumaliza wa pili nyuma ya Burrow kwenye Heisman.

Siku hizi uhamisho haumlazimishi kukaa nje, lakini asilimia za shahada bado zinamfuata. Daraja la Kwanza linataka awe amekamilisha 40 kwa mia ya shahada yake akimaliza mwaka wa pili, 60 akimaliza wa tatu na 80 akimaliza wa nne, na krediti zisizokubaliwa na chuo kipya hazihesabiwi. Kabla ya kusema ndiyo, aombe chuo hicho kimwandikie, somo kwa somo, krediti ngapi kinapokea na zinaingia kwenye shahada ipi. Karatasi hiyo ije na sahihi ya ofisi ya masomo, isiwe ujumbe wa simu kutoka kwa kocha.